Asubuhi Tuliyokwenda Kimya

Mkamwana wangu ana sanduku la nguo ambalo hulifungua kwa nadra, penye harusi au msiba. Juzi alilifungua mbele yangu, hapa Makole, na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo ikanifika puani kabla sijaona hata shuka moja. Nikamwambia afunge. Akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamjibu siumwi, funga tu. Amenizoea, anajua mama mkwe wake ni mtu wa kero. Alifunga akaenda zake jikoni, nami nikabaki kwenye kigoda moyo ukinienda mbio kama mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya kibuyu cha maziwa.

Kwangu mimi harufu ile haihusiani na nguo. Ni harufu ya sanduku la Mdachi mmoja, wa enzi za Wajerumani, aliyekuja kwetu kutafuta bata. Najua maneno hayo yanavyosikika. Wajukuu niliowahi kuwasimulia walicheka, wakauliza kama kwao huyo Mzungu hakukuwa na kuku. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye tembe na kulala juu ya ngozi, mliokimbilia zizini mkisikia viatu vya askari. Ninyi hamtacheka.

Tembe letu lilikuwa la mwisho upande wa machweo. Mbele yetu palikuwa na migunga, kisha nchi ikateremka na kuwa mbuga. Mwaka wa mvua nzuri mbuga ile ilijaa maji mpaka jicho likachoka kuyatazama, maji ya chumvichumvi ambayo ng'ombe waliyanusa tu wakageuka. Matete yalijiotea yalivyotaka. Hakuna aliyeyakata, hakuna aliyewinda pale wala kuwasha moto, kwa sababu watemi walikuwa wamepafunga tangu enzi za mababu zao. Pale ndipo nchi yetu ilipoishia, na mikosi hutupwa nchi inapoishia. Likija gonjwa la ng'ombe, au wadudu kwenye mtama, lilisombwa nyumba hadi nyumba, likapelekwa kule na kutupwa majini lizame pamoja na jua. Watu wakapaogopa. Ndege, ambao hawana habari na mikosi ya watu, wakapafanya kwao. Tangu siku hizo sijaona ndege wengi namna ile mahali pamoja. Hawakumwogopa mtu kwa kuwa hawakumjua.

Mdachi alitokea upande wa Mpwapwa na wapagazi wake, masanduku yake na askari mmoja. Hakuwa mtu wa boma. Alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi na ndevu za rangi ya nyasi kavu, na muda wote macho yake yalikuwa juu, angani au kwenye miti, hata akajikwaa kwenye kizingiti chetu. Alikuja na jumbe, na siku hizo jumbe hakuja kwa mtu kwa heri. Reli ilikuwa njiani. Ilikuwa bado mbali, huko chini, lakini ilikwisha kuanza kula watu. Kila mwezi ulipoandama, wanaume walifungwa kamba moja wakapelekwa kuchimba tuta, na wachache waliorudi walirudi mifupa mitupu.

Baba alikuwa amekaa kivulini akichonga mpini wa jembe. Alisimama, akawaamkia, "Mbukwa," na kuwapisha kivulini. Mdachi hakuketi. Alifungua kitabu kikubwa na kumwekea baba chini ya pua. Nikapenyeza kichwa chini ya kwapa la baba, nikaona bata. Mwili wake ulikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu, kichwa cheusi, mkia umesimama kama kijiti, na mdomo rangi ya mbingu. Siku hizo hatukuwa na neno la buluu. Nilijua tu kwamba sijawahi kuona mbingu kwenye mdomo wa bata.

"Bwana anamtafuta huyu," jumbe akasema. "Amezunguka nchi nzima hajamwona. Anataka dume na jike. Wewe mbuga iko mlangoni pako. Yupo?"

"Yupo," baba akasema.

Hapo nawaomba mkumbuke tulivyolelewa. Mgeni aliyesimama mlangoni haambiwi hakuna. Akiomba maziwa na vibuyu vyako ni vikavu, unasema yapo, keti kwanza, halafu unamtuma mtoto kwa jirani. Kusema hakuna ni kumfukuza. Mgeni naye anajua, wala hakushiki shati kwa sababu ya neno lile. Baba hakuwa amemwona bata yule, kule hatukukanyaga. Alisema yupo kama ambavyo angesema uji upo. Lakini Mdachi alipotafsiriwa, aliushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili, na macho yakamlowa. Nadhani tangu aondoke kwao hakuna aliyemjibu hivyo.

Jumbe alijua fika baba amesema nini, maana naye ni mtoto wa kwetu. Angeweza kumweleza Mzungu. Badala yake alimvuta baba pembeni, karibu na jiwe la kusagia alipokuwa mama, akasema, "Sasa sikiliza, Ndahani. Wewe ulikuwa wa kamba ya mwezi huu. Bwana amekuombea. Ukimpa bata, dume na jike, utabaki na watoto wako. Usipompa, utakuwa umemdanganya Mzungu mbele ya askari. Hilo lina kiboko chake kwanza, halafu reli."

Mama aliacha kusaga. Baba akasema, "Basi tutamtafuta." Askari akamvika shingoni kipande cha bati chenye uzi, kama walivyovaa wapagazi wote, ili ajulikane ni mtu wa kazi. Siku ile ile wakaingia mbugani.

Mimi ndiye niliyepeleka chakula. Kila siku jua likiwa utosini nilijitwika ugali wa uwele na mlenda, nikashika njia ya migunga huku nikisema moyoni kwamba mkosi hauli watoto. Kambi ilikuwa kwenye kichuguu kikubwa kilichozungukwa na tope. Baba alikuwa akirudi kutoka majini amelowa mpaka kifuani, miguu imechanwachanwa na matete, akikaa kula. Walikuwa wamepata bata wa kila namna, wenye nundu, wenye mabaka, wenye kupiga miluzi. Mdachi aliwatazama wote kwa adabu, akatikisa kichwa.

Siku moja kifuniko cha sanduku kilikuwa wazi. Harufu ikanipiga kwanza, kisha nikawaona wamelala chali kwa safu, ndege wadogo na wakubwa, mabawa yamekunjwa vizuri. Mahali pa macho palikuwa na pamba. Kila mmoja alifungwa uzi mguuni, na kwenye uzi kipande. Mpagazi mmoja alikuwa akifanya kazi yake pale pale. Alimpasua ndege tumbo, akamtoa vyote vya ndani, akampaka unga mweupe, akamjaza pamba na kumshona. Alifanya kwa upole kabisa, kama mama anayemvalisha mtoto.

Nikatazama kipande kwenye miguu ya ndege. Nikatazama kipande kwenye shingo ya baba.

Mtoto akishajua jambo hakuna wa kumtoa humo. Nilijua kwamba siku bata atakapokosekana kabisa, baba naye atalazwa kwenye sanduku, na masanduku makubwa ya kumtosha nilikuwa nimeyaona. Usiku sikulala. Kesho yake nilimuuliza akiwa anakula, "Baba, na wewe watakujaza pamba?"

Alinitazama kwa muda, akageuza macho kwenye sanduku, kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aanze kazi ile. "Mimi nyama yangu ngumu," akasema. "Watavunja kisu. Kula na wewe, usinitazame hivyo." Nilikula, lakini sikuridhika.

Siku hizo hizo sotoka iliingia. Ninyi mnaikumbuka sotoka, sina haja ya kutia chumvi. Ng'ombe walisimama machozi yakiwatiririka, wakahara damu, wakalala, na tai wakashiba hata wakashindwa kuruka. Ilianza upande wa mashariki ikawa inakuja, zizi kwa zizi. Mtemi alipiga bao na wazee wake, kisha akasema kazi ni ya wanawake.

Kwa vijana hili lazima nilieleze, ingawa ninyi mlikuwepo. Gonjwa kama lile wanaume hawaliwezi. Limewazoea, linawajua kwa mavazi na majina yao. Hivyo mama zetu waliweka kaniki pembeni wakajifunga migolole ya waume zao, wakashika mikuki na fimbo, wakachukua na majina yao. Waliswaga ng'ombe, walitembea hatua pana, walitukana matusi ambayo siku nyingine yangewatoa watu roho. Wanaume walikaa nyumbani kimya. Siku ya mwisho wanawake walikusanya majivu na samadi ya kila zizi kwenye kibuyu kilichopasuka, wakaenda kukitupa mbugani. Baada ya kutupa walirudi moja kwa moja. Anayegeuka nyuma hulirudisha gonjwa nyumbani, na si kwake tu, kwa wote waliolitoa.

Mama ndiye aliyechaguliwa kutangulia, kwa kuwa tembe letu lilikuwa la mwisho na njia ya mbugani ilikuwa yetu. Kwa siku zile aliitwa Ndahani. Jioni baba alipokuwa akirudi na tope lake, mama alimngoja mlangoni na mkuki, mgolole umemwangukia begani, akamuuliza kwa sauti nzito, "Binti, umechelewa wapi na maji?" Baba akajibu kwa sauti nyembamba kwamba njia ilikuwa na utelezi. Sisi watoto tulicheka mpaka tukaanguka. Nasema haya ili mjue kwamba hata siku zile kulikuwa na kucheka nyumbani kwetu.

Halafu ikaja jioni ambayo baba alirudi mbio.

"Yupo," alimwambia mama. "Nilisema tu, kumbe kweli yupo."

Alikuwa amewaona mwisho kabisa wa mbuga, upande wa machweo, kwenye kisiwa cha matete. Dume na majike yake, mdomo ule ule wa kwenye kitabu. Hawaruki kama bata wengine, alisema. Wakishtuka wanazama, na wakizama hujui watatokea wapi. Mdachi naye alikuwa amewaona kwa miwani yake mirefu, akalia kama mtoto, lakini jua lilikuwa limeshazama. Kesho alfajiri watalala kwenye matete na kuwangoja wasogee. Kesho mambo yataisha.

Mama hakufurahi. Aliketi chini taratibu, mkuki mapajani. "Kesho tunatupa," akasema.

Mahali pa kutupa palikuwa pale pale. Hapakuwa na pengine, mwisho wa nchi ni mmoja. Walitazamana, nami nikawatazama, nikingoja mmoja wao aseme neno la kuondoa jambo lile, kama wakubwa wanavyoondoa mambo.

Mama alikwenda kwa Bibi, shangazi yake baba, mkubwa wa wanawake wote wa upande wetu. Nilimfuata. Alimpigia magoti akamwomba wangoje siku moja tu. Bibi alikuwa anamkanda ndama wake wa mwisho shingoni kwa maji ya moto, na ndama alikuwa ameshaanza kutoa machozi.

"Zizi la nani lingoje?" Bibi akauliza. "Niambie jina, niende nikazungumze na mwenyewe."

Mama aliinuka, tukarudi nyumbani.

Baba naye alikwenda kwa jumbe, amweleze Mzungu asogeze kazi yake mpaka kesho kutwa. Alirudi upesi. Jumbe alikuwa amemwambia, "Nimwambie Mzungu angoje kwa sababu wanawake wamevaa mashuka? Nikitoka hapo kamba itanitosha na mimi." Ndiyo hali ilivyokuwa. Kila mlango tuliobisha, aliyekuwa ndani naye alikuwa anabisha mlango mwingine. Siku hizi nikisikia mtu akisema penye nia pana njia namwacha tu aseme.

Ndipo mama akapata wazo lake. Alirudi kwa Bibi akamwomba jambo moja dogo: wakaribie kimya. Bila nyimbo, bila njuga, bila matusi, mpaka wafike ukingoni. Wakishatupa waimbe watakavyo. Labda Mzungu atakuwa amekwisha kumpiga bata wake, labda bata hawatasikia.

Bibi alifikiri sana. "Kazi hii haifanywi kimya," akasema. "Gonjwa linaswagwa kama ng'ombe. Ukilinyamazia linajua unaliogopa." Lakini Ndahani mwenyewe, baba yangu, alikuwa mtoto wa kaka yake, yeye ndiye aliyempokea akizaliwa. Mwishowe akasema, "Haya. Mpaka ukingoni."

Mimi nilipewa kibuyu. Hubebwa na msichana ambaye hajavunja ungo, na kwetu nilikuwa mimi. Tuliondoka kabla nchi haijapambazuka sawasawa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mbuga mpaka kiunoni, na wanawake walikwenda kwa mstari, miguu peku, mikuki begani, njuga wamezifunga kwa matambara zisilie. Sijawahi kuona watu wengi wakienda kimya namna ile. Mama alikuwa mbele, nami ubavuni pake nimekumbatia majivu ya nchi nzima. Niliona fahari, nasema kweli. Nilitaka baba anione.

Tulipotoka kwenye migunga tuliambaa mbuga mpaka mwisho wake wa machweo. Hapo maji yalikuwa mbele yetu, na kando ya maji, si mbali, niliwaona. Mdachi alikuwa amelala kifudifudi kwenye matete, bunduki mbele yake. Baba alikuwa kando yake. Nyuma yao kidogo askari alikuwa amechuchumaa na wapagazi. Na kwenye maji, pale ukungu ulipoanza kukatika, kulikuwa na vitu vyekundu vidogo vinaelea, mikia juu.

Askari ndiye aliyegeuka. Jiwekeni mahali pake, mimi nimejiweka mara nyingi. Ni mtu wa mbali, kule kusini vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi, na watu walisema askari waliuawa kwa mikuki wakiwa wamelala. Aligeuka akaona nyuma yake, katika ukungu, mstari wa watu wenye migolole na mikuki, wanakuja bila sauti. Tungekuwa tunaimba, hata kichaa angejua ni wanawake. Aliinua bunduki akailenga kifuani mwa mama.

Baba alisimama. Alisimama mzimamzima kutoka kwenye matete, maji yakimchuruzika, akasimama mbele ya mdomo wa bunduki na kutanua mikono yote miwili. Akasema kwa sauti kubwa kwa Kiswahili chake kibovu, "Wanawake hawa. Bwana, wanawake. Mke wangu huyu."

Mbuga nzima iliruka. Ndege wote, wa karibu na wa mbali, walinyanyuka kwa kishindo mpaka jua likafunikwa. Mimi, mjinga, nilimtazama baba aliyetanua mikono katikati ya mabawa yale yote, nikadhani anaruka nao. Nilidhani amepata ujanja wa kuwatoroka. Wale wekundu peke yao hawakuruka. Walizama. Maji yalifunga juu yao, yakatulia, na Mdachi akabaki ameyatazama kana kwamba yanamdai jibu.

Askari alishusha bunduki. Kisha Bibi, nyuma kabisa ya mstari, akaanzisha wimbo, na wanawake wakaupokea, maana kazi iliyoanzwa haikatwi. Tulipita karibu nao kiasi cha kusikia kikohozi cha Mzungu. Nilimwona baba vizuri. Alikuwa na mikono, miguu, macho yake mwenyewe. Alinitazama akanikonyeza kidogo, kama kusema endelea. Mama hakumtazama. Siku ile mama alikuwa mwanaume, na mwanaume yule alikuwa na ng'ombe wa nchi nzima kibuyuni.

Nilikitupa mbali nilivyoweza. Kilielea kidogo, kikajaa, kikazama. Kisha tukageuka wote kwa pamoja kuelekea nyumbani, na mama akaniwekea kiganja kisogoni. Kilikuwa kizito. Kila nilipotaka kugeuza shingo, vidole vilinikaza.

Hatukuwa tumefika kwenye migunga tulipoanza kusikia sauti nyuma yetu. Ta. Kimya. Ta. Kimya. Ilikuwa sauti iliyopangika, ya mtu anayeijua kazi yake. Wimbo ulianza kukatika, mwanamke mmoja mmoja, mpaka akabaki Bibi peke yake anaimba na sauti yake inapasuka. Mimi nilisikiliza kwa makini. Nilisema moyoni, wanapura mtama. Ndivyo fimbo inavyolia kwenye mtama mkavu, pigo, kisha pumzi, kisha pigo. Nilishangaa kidogo ni nani aliye na mtama mbugani. Lakini hapakuwa na kilio, wala ukelele, wala neno. Mtu akipigwa hulia, mtoto yeyote anajua hilo. Kwa hiyo niliona ni mtama, na furaha yangu haikupungua. Baba alikuwa mzima, hakujazwa pamba, bata wamekwenda zao, mkosi umezama. Nilikuwa nikirukaruka. Kiganja cha mama kilizidi kuwa kizito kisogoni mwangu, nikadhani amechoka kubeba mkuki.

Hatukugeuka. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka.

Sotoka ilisimama. Ilifika kwenye zizi la Bibi ikamchukua yule ndama, haikuvuka. Wapo wasemao ni kibuyu, wapo wasemao ng'ombe wa kufa walikuwa wamekwisha kufa wote. Mimi sijui na sikuwahi kuuliza. Majirani walituletea maziwa msimu mzima, wakiyaweka mlangoni na kuondoka.

Baba alipelekwa na kamba ya mwezi ule. Walipita njia ya mashariki, hatukuwaona. Mdachi aliondoka bila bata wake. Nasikia alipofika kwa jumbe alikuwa na homa, na aliomba baba aachwe, akisema kosa halikuwa lake. Jumbe akamwambia watu wa kamba wamekwisha kutimia. Reli ilifika, ikapita, ikaenda zake magharibi ikipiga mluzi, na baba hakurudi nayo. Mtu mmoja wa kwetu aliyerudi alisema homa ilimchukua huko chini, walimfukia kando ya tuta pamoja na wengine. Hakuweza kusema ni kando ipi.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikataa kuolewa tena, alilima, alituoza wote. Mwisho wa maisha yake, macho yakiwa yamekwisha, nilimchukua kwangu. Mambo ya asubuhi ile hayakuwahi kuzungumzwa. Nilikuwa nimeshaelewa siku nyingi ule mtama ulikuwa mtama gani, na nilidhani pengine yeye ndiye hakuelewa, au alichagua kutoelewa, nikamwachia hilo. Lakini jioni moja nilikuwa nampaka mafuta miguuni, likanitoka.

"Mama, siku ile tukitoka mbugani, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mimi nilidhani wanapura mtama."

"Najua. Ulikuwa unarukaruka. Nilimshukuru Mungu kwa hilo."

Niliendelea kumpaka mafuta. Miguu yake ilikuwa imekauka kama kuni. Nikasema, "Wapagazi walikuwa wengi pale. Angeweza kupigwa yeyote. Hatukugeuka kutazama, na hakuna aliyelia. Ulijuaje kuwa ni baba?"

Alininyoshea mguu wa pili niupake.

"Mtu mwingine yeyote angelia," akasema. "Yeye alijua nikimsikia nitageuka."